Kuti Nililoling'oa Ufukweni Ngurbal

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi Elngur, Kisiwa cha Kei Besar
Ijumaa, tarehe 14 Julai 2023, saa 5:10 asubuhi

Jina: Ludovika Yamlean
Umri: miaka 16
Dini: Mkatoliki
Kazi: mwanafunzi, anaingia darasa la kumi na moja
Makazi: Kijiji cha Ohoiwatin, nyumba ya tatu kutoka kanisani
Aliyepo pamoja na shahidi: mama yake mzazi, Regina Letsoin

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Sikumwambia mama, sikumwambia padri kwenye kitubio, wala sikuliandika kwenye daftari langu ambamo huandika kila kitu. Hawear ya mjomba wangu Agapitus Letsoin ilikuwepo ufukweni Ngurbal. Niliing'oa mimi.

Nimemwomba Sajini Hilarius niandike mwenyewe, kwa sababu nikizungumza mbele ya watu maneno hunikwama, na leo sitaki hata neno moja linikwame. Amekubali. Amesema nianze mwanzo, niweke tarehe na saa, na nisieleze nisiyoyaona. Amesema pia faili hili litasomwa na watu wa mbali, kwa hiyo nieleze hawear ni nini. Ni kuti changa la mnazi, linafungwa kwenye mti na kusimikwa. Likisimama mahali, hapapitwi, hapachumwi, hapapimwi, mpaka aliyelisimika aliondoe mwenyewe mbele ya wazee. Mtoto wa miaka minne kwetu anajua hivyo. Mimi nina kumi na sita.

Mnamo Jumatatu tarehe 22 Mei 2023, saa 9 alasiri, nilipotoka shule, mkuu wa kijiji chetu, Bwana Melkior, aliniita ofisini kwake. Karani wake alikuwepo.

"Mwandishi wetu huyo!" alisema. "Keti, keti, usisimame kama unangoja viboko. Wilaya inataka wasifu wa kila kijiji. Wageni wausome waje, na wenye mitaji wausome waje na mitaji yao. Karani wangu akiandika tangazo la mkutano, watu wanafikiri kuna msiba."

Karani akasema, "Mkuu, mimi nipo hapa."

"Najua upo, ndiyo maana nasema."

Kisha akaniambia nikirembe kijiji. Alisema bibi harusi haonyeshwi vidonda. Niliuliza nifuate utaratibu gani, akasema nifuate utaratibu wa kupendeza.

Niliandika kwa siku kumi na nne. Sijawahi kuombwa kuandika kitu kitakachosomwa na watu nisiowajua, na nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza hapa. Nilihesabu kaya mlango kwa mlango: sitini na mbili. Watu mia tatu na wanne. Kisima kimoja cha maji baridi. Jenereta, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 usiku, kama mafuta yamefika. Safari ya mashua hadi Elngur, saa mbili na dakika arobaini bahari ikiwa imetulia. Niliandika jinsi muhogo unavyokunwa na kukamuliwa ili kupata enbal, mkate wetu, na nikaandika kwamba mgeni atapewa hata asipoomba. Hayo yote ni kweli. Nataka ijulikane kwamba mengi niliyoandika ni kweli.

Mnamo Jumamosi tarehe 3 Juni 2023, saa 2:30 asubuhi, niliazima simu ya karani nikaenda Ngurbal kupiga picha. Nilikwenda peke yangu. Ni mwendo wa saa moja na dakika kumi kupitia mashamba ya muhogo. Upepo wa mashariki ulikuwa umeshaanza, na wakati huo hakuna anayekwenda Ngurbal kwa sababu mawimbi hupiga hadi kwenye mizizi ya minazi.

Nilifika saa 3:40. Niliiona hawear papo hapo. Ilisimama pale minazi inapoishia na mchanga kuanza, juu ya mti wa mkoko unaonifika kifuani. Kuti lilikuwa bado la njano, halijazidi siku nne. Fundo lilikuwa la mizunguko mitatu, na mkia wake ukarudi chini ukachomekwa. Hilo ni fundo la Babu Bonifas, mzee wa ardhi wa kijiji chetu. Hakuna mwingine aliyelifunga hivyo. Wajukuu zake walijaribu kujifunza kulifunga, akawa anawacheka, anasema vidole vyao vimelegea kwa simu. Minazi ile ni ya nyumba ya mjomba wangu. Nilielewa kwamba mjomba na Babu Bonifas walikuwa wamepafunga.

Nilijaribu kupiga picha nikiwa kushoto. Nilijaribu nimechuchumaa, nikajaribu juu ya mwamba. Kila picha, kuti lilikuwemo pembeni, linapunga kwa upepo kama mkono wa mtu anayekataa. Nikamkumbuka bibi harusi. Nikajiambia, dakika tano tu, kisha naisimika tena palepale, na ardhi haitajua.

Nikaing'oa.

Nilipiga picha tisa. Ya sita ndiyo iliyo kwenye wasifu. Nilipoirudisha, shimo lilikuwa limejaa mchanga. Niliuchomeka ule mti ukainama. Nikachimba kwa mikono, ukasimama kidogo, ukaanguka. Mara ya tatu uliniangukia begani, na hapo niliogopa, kwa sababu hawear haishikwi na mtu asiyehusika hata mara moja, na mimi nilikuwa nimeishika mara nne. Sikutaka kuiacha imelala chini kama takataka. Niliiingiza kwenye pango dogo la mwamba, juu ya alama ya maji, nikaenda nyumbani nikiwa nimeazimia kumwambia mjomba jioni ileile.

Jioni, saa 12:30, mjomba alikuwa kwetu, anakula samaki na mama. Aliponiona alisema, "Profesa! Umeniandika kwenye kitabu chako? Andika hivi: Agapitus Letsoin, mzuri kuliko picha yake."

Mama akasema, "Andika pia anakula kwa dada yake kila siku wala haleti hata kuni."

"Hilo usiandike. Wenye mitaji watakimbia."

Nilicheka. Nilikaa nikala. Sikusema.

Siku mbili zilizofuata nilikuwa na homa. Nilijua ni kwa sababu gani, au nilidhani najua. Mnamo Jumatatu tarehe 5 Juni, nikiwa bado na homa, nilimaliza sehemu ya mwisho ya wasifu. Nanukuu, kwa kuwa maneno haya yamo kwenye faili la Bwana Tunggul, ambaye nitamweleza baadaye: "Ufuko wa Ngurbal una urefu wa mita mia nane. Haujaguswa na mkono wa mtu. Hauna makazi wala kizuizi chochote." Bwana Melkior aliyasoma kwa sauti mara mbili, akapiga meza kwa furaha. Nakala moja ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji pamoja na picha ya sita. Nyingine zikaenda wilayani.

Mnamo Jumamosi tarehe 17 Juni 2023, Babu Bonifas alifariki. Nilikwenda na mama kumuaga. Watu walimtazama usoni, mimi nilitazama mikono. Nilijua kwamba sasa tulibaki wawili tu duniani tunaojua kuhusu ile hawear, mjomba na mimi. Na mjomba hakujua kwamba mimi najua.

Sasa nakuja kwenye siku ya tukio.

Mnamo Jumanne tarehe 11 Julai 2023, saa 2 asubuhi, Bwana Tunggul alifika kijijini kwa mashua ya kukodi, pamoja na wasaidizi wawili. Bwana Tunggul anawatafutia ardhi watu wanaotaka kujenga nyumba za wageni. Bwana Melkior alinituma niwaongoze hadi Ngurbal. Alisema, "Ramani ya wasifu ameichora yeye, njia anaijua yeye." Njiani Bwana Tunggul alikuwa mpole kwangu. Alisema nimeandika vizuri kuliko watu wa ofisini kwake. Mkononi alikuwa na wasifu wangu, umewekwa kwenye karatasi ya nailoni ili usilowe.

Saa 4:25 asubuhi walikuwa wameshasimika vigingi sita vyenye rangi nyekundu, na kifaa cha kupimia kilikuwa juu ya miguu yake mitatu. Saa 4:50 mjomba alitokea upande wa mashamba. Alikuwa na panga la shambani. Naomba hili liandikwe wazi: kabla hajakanyaga mchanga alilichomeka panga kwenye shina la mnazi, na hakulishika tena mpaka mwisho.

Alisema, "Habari za kazi, mabwana. Nani kawaruhusu kuvuka?"

Bwana Tunggul akasema, "Kuvuka nini, mzee? Mimi naona mchanga tu."

"Hapa pamefungwa. Kuna hawear yangu."

"Iko wapi?"

Mjomba alikwenda pale ilipokuwa. Alisimama. Alizunguka mnazi mmoja, akazunguka wa pili, akatazama mchangani, akatazama juu. Mimi nilikuwa hatua sita kutoka kwake. Pango lilikuwa hatua arobaini nyuma yangu.

Msaidizi mmoja akasema, "Labda imekwenda kuoga."

Mwenzake akacheka. Mjomba hakucheka, yeye ambaye hucheka hata msibani.

"Tuliisimika na marehemu Bonifas," alisema. "Tarehe thelathini na moja Mei."

"Marehemu," alisema Bwana Tunggul. "Na uliitangaza wapi? Mkuu wako wa kijiji hana habari nayo."

"Hawear haitangazwi. Mwenye macho anaiona."

Bwana Tunggul akaifungua ile karatasi ya nailoni, akamwonyesha picha. "Haya, mzee, macho haya hapa. Picha imepigwa tarehe tatu Juni. Nionyeshe."

Mjomba aliitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia.

"Ludo. Wewe ndiye uliyepiga?"

"Ndiyo, mjomba."

"Uliiona?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Hakuna aliyenikatiza, hakuna aliyenitisha. Bwana Tunggul hakunipa kitu wala kuniahidi kitu. Nilisema, "Sikuona kitu, mjomba."

Uso wake ulibadilika, lakini si kwa hasira. Alinitazama kana kwamba anajiuliza yeye mwenyewe kama akili zake ziko sawa. Ndipo akaenda kwenye kigingi cha kwanza.

Aliving'oa vyote sita, kimoja baada ya kingine, akavitupa baharini. Hakukimbia. Alipofika cha nne, karibu na kifaa, yule msaidizi aliyetania alirudi kinyumenyume akajikwaa kwenye mguu wa kifaa. Kifaa kikaanguka, na mguu mmoja ukampiga Bwana Tunggul juu ya jicho la kushoto. Alitoka damu. Mjomba alikuwa hatua tatu kutoka hapo, na mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye kigingi. Hakukigusa kifaa. Hakumgusa mtu. Nimesikia kwamba ameshtakiwa kwa kumpiga Bwana Tunggul kwa kifaa hicho. Nilikuwepo, na haikuwa hivyo.

Mjomba ndiye aliyevua shati lake akampa Bwana Tunggul azuie damu.

Saa 10 jioni polisi walifika wakamchukua.

Tangu siku hiyo kijijini wanasema mjomba ni mwongo. Kwetu mtu anayedai hawear ambayo hakuisimika ni mbaya kuliko mwizi, maana amelitumia jina la sheria kwa uongo. Anatozwa faini ya upatu wa shaba na hafungui tena mdomo kwenye kikao cha wazee. Jumatano tarehe 12, saa 1 asubuhi, nilikwenda na mama kisimani. Bibi Ursula alikuwepo na wanawake wengine watano.

"Regina," alisema Bibi Ursula, "kaka yako kasimika hawear ya ndotoni."

Mwingine akasema, "Imeota miguu, imekwenda mjini kusoma."

"Njia ya mwongo ni fupi. Ya Agapitus imeishia baharini na vigingi."

"Na anamsingizia marehemu! Bonifas hajamaliza hata siku arobaini."

Mama alijaza ndoo nusu, akaondoka. Jana hakwenda kisimani. Alichota maji ya mvua kwenye pipa, na yana viluwiluwi.

Mkutano wa kijiji umepangwa Jumatatu tarehe 17. Siku hiyo wazee wataweka sahihi Ngurbal ikodishwe kwa miaka thelathini. Kama hawear ilikuwepo, sahihi haiwezi kuwekwa mpaka mjomba mwenyewe aiondoe. Kama haikuwepo, mjomba hana neno, minazi ya nyumba yake inahesabika kama ya kijiji, na ataishi kati yetu kama mtu asiye na ulimi. Nilikuwa nayajua haya yote, na bado nilikaa siku mbili kimya. Nilikuwa nikijiambia kwamba labda watamwachilia. Nilikuwa nikisoma kitabu kimoja, ukurasa uleule, tangu asubuhi mpaka jioni.

Jana, Alhamisi tarehe 13 Julai, saa 11 jioni, mama alirudi kutoka kumtazama hapa kituoni. Alisema mjomba hajala. Nikauliza kama amesema chochote.

Mama akasema, "Kasema tukwambie usihuzunike. Kasema: mwambieni Profesa, kama hakuona, hakuona. Yeye hasemi uongo."

Nilikifunga kile kitabu.

Leo, Ijumaa tarehe 14 Julai, saa 11 alfajiri, nilikwenda Ngurbal. Nilifika jua likichomoza. Hawear ilikuwa palepale pangoni. Kuti limekauka na kuwa la kahawia, ncha mbili zimeliwa na kaa, lakini fundo ni zima, mizunguko mitatu na mkia umerudi chini. Niliishika kwa mara ya sita. Nilitegemea kuogopa zaidi, ila nilikuwa nimeshaogopa yote.

Kuna njia ya nyuma ya kijiji inayopita kwenye mashamba hadi gatini. Sikuipita. Saa 1:30 asubuhi nilipita njia kuu, nimeisimamisha mbele yangu kwa mikono miwili. Mama alikuwa anafagia uwanja. Aliitazama, akanitazama. Fagio likamwanguka.

"Ludo," alisema.

"Ndiyo, mama."

Aliingia ndani. Nilidhani amenikataa. Akatoka amevaa viatu vyake vya kanisani, ameshika mfuko wa enbal, akatembea kando yangu bila kuniuliza kitu.

Kisimani wanawake waliweka ndoo chini. Bibi Ursula alisogea karibu sana, akainama mpaka pua yake ikakaribia fundo. Hakuligusa.

"Hilo ni la Bonifas," alisema. Kisha akasema tena, polepole, kama anayemjibu mtu tusiyemwona: "Hilo ni la Bonifas."

Mbele ya ofisi ya kijiji Bwana Melkior alitoka mbio, shati halijafungwa vifungo.

"Ludo, mwanangu, lete hiyo ndani tuzungumze."

"Hapana, bwana mkuu. Ni ya mjomba."

"Unajua unachokibomoa? Umeme wa mchana. Gati la zege. Zahanati. Vyote tumeviomba kwenye wasifu."

"Najua," nilisema. "Niliandika mimi."

Yeye pia si mtu mbaya, na hakujua. Naomba hilo nalo liandikwe. Je, nilimpa mama aishike hawear ili niandike? Hapana. Hakuna anayepaswa kuishika, na makosa yangu yanatosha. Niliiegemeza kwenye ukuta, nikatoa kalamu, nikakata kwenye ubao maneno "haujaguswa" na "wala kizuizi chochote". Pembeni nikaandika: "Ufuko huu umefungwa na Agapitus Letsoin na marehemu Bonifas tangu tarehe 31 Mei 2023." Chini yake niliweka jina langu kamili na tarehe ya leo. Kisha nikaichukua hawear, tukapanda mashua ya saa 2 kuja hapa. Mwenye mashua alinitazama, akahamia upande wa pili, na hakututoza nauli.

Nimeyasoma tena yote niliyoandika hapa, mara mbili. Mama ameyasikia. Hakuna aliyenifundisha la kusema wala kunilazimisha. Kama kuna adhabu ya sheria ya serikali na adhabu ya sheria ya ardhi, niko tayari kwa zote mbili, ila mjomba aachiwe ale.

Sahihi ya shahidi: Ludovika Yamlean
Sahihi ya mzazi: Regina Letsoin

Maelezo ya afisa:

Mimi, Sajini Hilarius, nimeyapokea maelezo haya saa 7:35 mchana. Shahidi ameyaandika kwa mkono wake mwenyewe mbele yangu. Kielelezo ni kuti moja kavu la mnazi kwenye mti wa mkoko, lenye fundo. Mimi ni mzaliwa wa kisiwa hiki, na sikukigusa. Nimekipima kwa macho na kukipiga picha mahali kilipo.

Saa 7:50 mchana mshtakiwa alionyeshwa kielelezo kupitia dirisha la mahabusu. Amekitambua kuwa ni chake, na fundo kuwa ni la marehemu. Nilimweleza kwa kifupi kilichomo katika maelezo ya shahidi. Nilipomuuliza kama ana la kumwambia, aliuliza kama mtoto amekula.

Shahidi ameruhusiwa kurudi nyumbani. Hajaondoka. Wakati naandika haya, saa 8:15, ameketi kwenye benchi nje ya mlango wa mahabusu pamoja na mama yake, wanamega enbal na kuipitisha dirishani, na kuti limesimama kati yao.